Viatu Mlangoni mwa Kompyuta

Konsolata alikuwa mpiga chapa wa Halmashauri ya Bonde la Chini kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumlalamikia kwa jambo lolote isipokuwa kelele. Halmashauri yenyewe usiitafute kwenye ramani. Ilikuwa na ofisi ya vyumba saba pale Ifakara, na ubao wa matangazo ukutani, na jenereta kwenye kibanda cha nyuma, na wafanyakazi ambao wengi wao walifika saa moja na nusu, wakasaini kitabu, wakaenda kunywa chai. Konsolata hakwenda. Alikaa mbele ya taipureta akigonga, na huku akigonga alisema.

Kusema huko kulianzia darasani. Masista waliomfundisha kupiga chapa walikuwa na mashine tatu kwa wasichana ishirini na wawili, kwa hiyo waliokosa mashine waligonga vidole kwenye meza tupu huku wakiimba herufi kwa pamoja. Konsolata aliimba herufi miezi minne kabla hajaigusa mashine ya kweli, na siku alipoigusa, kinywa kilikuwa kimeshazoea kutangulia. Akaajiriwa, akaolewa, akamzaa Angelina, akafiwa na mume, na muda wote huo kila kidole kilichoshuka kilifuatana na herufi yake mdomoni. Barua ya siri ilipotoka chumbani kwake, Rosemery, mhudumu aliyewapikia chai na kufagia, alikuwa ameshaisikia yote tangu jikoni.

Zama za taipureta, zabuni za halmashauri ziliwekwa sandukuni. Lilikuwa sanduku la mninga lenye tundu la kupitishia bahasha na kufuli tatu kubwa, na kila kufuli na mwenye ufunguo wake: Mkurugenzi, mweka hazina, na mwenyekiti wa kamati ya zabuni. Watu walilipita kwa adabu, wengine wakapunguza hata sauti. Kichekesho ni kwamba bei zote zilizolazwa humo kwa ulinzi mkali namna ile zilikuwa zimechapwa na mtu mmoja, kwa mashine moja, nje ya sanduku. Wazabuni walimletea Konsolata bei zao azipange vizuri, na yeye hakumwambia mtu. Siri za watu aliziona kama nguo za ndani za watu, hazianikwi barabarani.

Lakini palikuwa na Bwana Hermenegildi. Huyu ndiye Afisa Ugavi, mtu wa kununua kila kitu cha halmashauri kuanzia chaki hadi saruji, na mji mzima ulimwita Bwana Ugavi. Alivaa viatu vya kahawia vyenye ncha, vilivyonunuliwa Dar es Salaam, na chini ya visigino alipigilia vyuma, hivyo kila alikokwenda alitangulia kusikika. Bwana Ugavi alipenda usafi kupita kiasi. Alifika kila jioni kumwaga kapu la taka la Konsolata kwa mkono wake mwenyewe, na Konsolata akimshukuru, maskini. Humo kapuni mlikuwa na karatasi za kaboni zilizotumika mara moja tu, na kaboni ya namna hiyo ukiielekeza dirishani inasomeka kama gazeti. Ndiyo maana Fulgensi, ndugu wa mke wa Bwana Ugavi, alishinda zabuni za usafirishaji miaka minne mfululizo akiwa na lori lililokaa juu ya mawe, nyasi zimeota mpaka kwenye usukani.

Mwaka tisini na nane, mvua kubwa zilipokuwa bado hazijamaliza kututesa, wafadhili wakaleta kompyuta. Mradi wao ulihusu uwazi. Mtaalamu alitoka Morogoro akakaa siku tatu, akaeleza kwamba sasa sanduku limestaafu: kila mzabuni ataingia peke yake katika chumba cha kompyuta, atamtajia Konsolata bei yake, Konsolata ataingiza, na mashine itaificha mpaka siku ya ufunguzi, ndipo itoe orodha mbele ya watu wote kuanzia bei ya chini. Mashine haina mjomba, alisema mtaalamu, wala shemeji. Wajumbe wakapiga makofi. Bwana Ugavi ndiye aliyepiga kwa muda mrefu zaidi.

Mtaalamu alisema mambo mengi, ila lililowaingia wote ni moja, kwamba vumbi ni sumu ya kompyuta. Basi ikawa sheria. Hakuna kuingia chumba kile na viatu. Mkurugenzi alivua, mweka hazina alivua, hata askari aliyekuja kuulizia baiskeli iliyopotea alifungua kamba za buti zake akasimama humo na soksi, akiuliza maswali kwa sauti ya chini. Konsolata alifuma kitambaa cheupe chenye maua, akaifunika mashine. Wakati wa matope mlango ule ulikuwa na safu ya viatu, na ukipita ukumbini ulijua ni nani yumo ndani bila kuuliza.

Ufunguo wa chumba ulikuwa kwa Konsolata, na wa akiba ulining'inia stoo ya ugavi. Neno la siri la kuifungua mashine alikuwa nalo Konsolata peke yake. Wakatangaza zabuni ya kwanza, Fulgensi akashinda. Wakatangaza ya pili, Fulgensi akashinda, kwa tofauti ya shilingi mia tano.

Siku hiyo ya pili alisimama mtu aliyeitwa Ndaki. Alikuwa Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka michache nyuma, mwenye mikokoteni minne na maksai waliolishwa wakashiba. Alikuwa mrefu, mpole, na alizungumza polepole kiasi kwamba watu walikosa pa kumkatizia. Alisimama mbele ya ubao wa matangazo, umati umejaa, akamtazama Konsolata.

"Mayu," alisema, maana kwao mama huitwa hivyo, "mimi bei yangu niliwaambia wawili tu. Wewe, na hii mashine. Mashine haimjui Fulgensi."

Watu wakageuka wote kumtazama Konsolata. Yeye akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake kikakosa herufi. Mkurugenzi Theodori, aliyekuwa mtu wa haki ila mwenye haraka, akamaliza palepale. "Mama Angelina, mimi nakuheshimu. Lakini bei ikivuja tena hata mara moja, utafunga virago. Nimesema mbele ya watu, na watu ni mashahidi."

Konsolata alirudi nyumbani na baiskeli akiisukuma, hakuweza kupanda. Angelina alikuwa kidato cha pili huko bwenini, na mama yake Konsolata, Bibi Yosefina, alikuwa Katindiuka, kando ya mji, hana mtoto mwingine wa kumtegemea. Kazi ikienda, wote watatu wamemwaga unga. Lakini kilichomchoma zaidi kilikuwa kingine. Jumapili kanisani akina mama walimwachia nafasi kubwa kwenye benchi, kubwa kuliko mwili wake ulivyohitaji. Sokoni muuza kambale wa Kivukoni alimuuliza, akicheka, kama siku hizi bei za watu anauza kwa kilo au kwa fungu. Miaka kumi na tisa ya kufunga mdomo, na leo anaitwa muuza siri! Alilia njia nzima, na aliyemsalimia shikamoo alimwitikia kwa kupunga mkono tu.

Aliyemfungua macho ni Rosemery. Walikuwa jikoni ofisini, Rosemery anasuuza vikombe, Konsolata ananung'unika kwamba haelewi, neno la siri hajaliandika popote, hajamwambia hata Angelina.

"Neno lipi, dada? Lile la asubuhi?" Rosemery hakugeuka. "Ka, i, ve, u, ka, o, ne, i."

Kikombe alichoshika Konsolata kilimponyoka. Lilikuwa neno lenyewe, Kivukoni, mahali alikozaliwa baba yake. "Umelijuaje?"

"Nitaachaje kulijua? Kila siku ukiwasha ile mashine unaimba. Mwanzo nilidhani ni sala." Rosemery akafuta mikono kwenye kanga. "Na Bwana Ugavi husimama pale mlangoni na soksi zake, anakusalimia, anakuuliza habari za Angelina. Tangu lini mtu yule anajali habari za Angelina?"

Konsolata alikaa chini juu ya debe. Kumbe Ndaki hakukosea sana. Siri ilitoka kinywani mwake, herufi moja baada ya nyingine, kwa matamshi mazuri kabisa ya darasani. Hasira zilimpanda, kwanza dhidi yake mwenyewe, halafu dhidi ya soksi zile. Akasema anakwenda kulibadilisha neno sasa hivi.

"Ulibadilishe ili iweje?" akauliza Rosemery. "Ukilibadilisha, ataacha kuiba, na wewe utabaki mwizi mpaka unazikwa. Mwache aingie. Tena liimbe kwa nguvu, asije akalisahau."

Na Konsolata, mama mtu mzima, mwanakwaya, mjane mwenye heshima zake, akaliimba. Kila asubuhi alifunua kitambaa, akaketi wima, akalitoa neno la siri kwa sauti ya kusikika hadi kibanda cha jenereta. Rosemery alijifungia stoo ya mifagio acheke vizuri.

Zabuni ya tatu ilikuwa ya kubeba matofali na mchanga hadi Idete, kijiji kilichokuwa kikingoja zahanati. Awamu iliyotangulia, Fulgensi alilipwa kupeleka mawe ya msingi, na wanakijiji walipokea lundo moja ambalo mbuzi waliligeuza kiti. Ndaki aliingia chumbani, akavua kandambili zake za matairi, akataja bei akimkazia macho Konsolata. Fundi mmoja wa Katindiuka, Dionisi, naye akataja yake. Mwisho wa kupokea bei ulikuwa Jumatano saa kumi jioni, na Fulgensi, kama desturi yake, alikuwa bado hajatokea.

Jumanne akafa Mzee Agapiti, diwani wa zamani. Mazishi yakapangwa Katindiuka kesho yake asubuhi, na kwetu mazishi ya mtu wa ofisi hayaachi mtu ofisini. Wote wakajiandaa, isipokuwa Bwana Ugavi, aliyeshika tumbo.

"Linanisokota tangu alfajiri," alimwambia Mkurugenzi. "Nendeni, mimi nitabaki kulinda. Tena mwambieni Eustaki, yule wa jenereta, asiizime, nataka nijaribu feni ya stoo."

Konsolata alisikia. Alikuwa ameshaichapa karatasi ya salamu za rambirambi za ofisi, ambayo yeye ndiye angeisoma kaburini. Akaitazama, akaikunja vizuri, akaiacha kwenye meza ya ukumbini. Akafunga chumba cha kompyuta, akatoka.

Katindiuka kulikuwa na matope ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Konsolata alisimama mstari wa mbele wa kwaya, akaimba nyimbo zote, na mvua ilipoanza kunyunya Mkurugenzi mwenyewe alimsogezea mwavuli. Saa tano na robo, padri akiwa anamalizia, Konsolata alijipapasa kifuani, akajipapasa mkobani, akashika kichwa.

"Mzee, karatasi ya salamu! Nimeisahau mezani!"

"Ala! Kimbia basi," alinong'ona Mkurugenzi. "Diwani hawezi kuzikwa bila salamu za ofisi."

Rosemery alikuwa ameshaigeuza baiskeli. Alipiga pedali, Konsolata amekaa nyuma kwenye keria na kitenge amekikusanya mapajani, matope yakiwarukia wote wawili hadi usoni. Walishuka kabla ya geti, wakaingia ukumbini kwa kunyata, jenereta ikiunguruma nyuma.

Mbele ya mlango wa chumba cha kompyuta vilikuwepo viatu vya kahawia vyenye ncha. Vimepangwa sambamba, ncha zikitazama nje, vizuri sana. Mtu aliiba ufunguo, aliiba neno la siri, alikuwa ndani akiiba bei za watu, lakini kuingiza vumbi kwenye kompyuta ya watu hakuthubutu. Kutoka ndani ilisikika sauti ya kidole kimoja kikitafuta herufi kwa taabu.

Damu ilimchemka Konsolata. Alinyoosha mkono kuusukuma mlango, Rosemery akaudaka. "Ukiingia atasema anafuta vumbi," alinong'ona. "Na wewe mpiga chapa, yeye afisa. Wataamini nani?"

Konsolata akatazama viatu. Akatazama ukumbini. Lile sanduku la mninga lilikuwa bado limekaa pembeni, siku hizi limewekewa mtungi wa maji ya kunywa, kufuli zake tatu zikining'inia wazi, funguo zake bado kwa wakubwa watatu. Aliinua viatu kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. Rosemery alishusha mtungi. Viatu vikaingia, mfuniko ukashuka, na Konsolata akazibana kufuli moja moja huku mngurumo wa jenereta ukiumeza mlio. Wakarudisha mtungi, wakachukua karatasi, wakaondoka. Kaburini Konsolata alizisoma salamu za rambirambi kwa uso wa huzuni kubwa, matope yamemkauka shavuni, na akina mama kadhaa walisema afadhali, kumbe bado ana roho.

Waliporudi ofisini, Bwana Ugavi alikuwa na kandambili za bluu zilizotoka stoo. Alisema mguu umevimba ghafla. Tumbo asubuhi, mguu mchana! Mweka hazina alimwonea huruma, akamletea chumvi ya kukandia.

"Pole, Bwana Ugavi," Konsolata alimwambia. "Umevimba mmoja au yote?"

"Yote," alijibu, na macho yake yalizunguka chini ya meza, nyuma ya mlango, chini ya kabati. Kuuliza hakuweza. Mtu akiuliza viatu vyake, swali la kwanza atakaloulizwa ni alivivua wapi, na katika jengo lile mlango wa kuvulia viatu ulikuwa mmoja tu. Mwishowe alijiaminisha kwamba mbwa wa jirani ndiye mwizi. Saa tisa na nusu Fulgensi alifika kifua mbele, akavua viatu, akataja bei. Ilikuwa chini ya bei ya Ndaki kwa shilingi mia mbili. Hata aibu ya kupunguza elfu moja hakuwa nayo.

Alhamisi saa nne ukumbi ulijaa. Konsolata hakuwa amekula kitu tangu jana. Alijua vizuri kwamba mambo yakienda kombo, atatoka pale hana kazi wala jina. Printa ikalia, karatasi ikateremka, Mkurugenzi akaichukua, akasoma. Wa kwanza, Fulgensi. Wa pili, Ndaki, tofauti shilingi mia mbili.

Ndaki alisimama tu, na urefu wake ulitosha. Mkurugenzi aliweka karatasi mezani. "Konsolata," alisema, na hakumwita tena Mama Angelina, "nilikuambia."

"Uliniambia, mzee." Alisogea mbele ya meza. "Nitaondoka. Lakini kabla sijaondoka naomba lile sanduku lifunguliwe mbele ya hawa watu. Kuna kitu kiliingia humo jana."

Watu wakanong'ona. Sanduku likaletwa, Rosemery akauondoa mtungi kwa madaha yote. Mkurugenzi akatoa ufunguo wake. Mweka hazina akatoa wake. Mwenyekiti wa kamati alichukua muda, maana wa kwake alikuwa ameugeuza kifungulio cha soda na ulikuwa umepinda kidogo. Kufuli ya tatu ilipoachia, Mkurugenzi aliinamisha kichwa ndani, akabaki hivyo, kisha akainuka na kiatu kimoja kila mkono.

Hakuna aliyeuliza ni vya nani. Ukumbi mzima, kama ulioamriwa, ulitazama kandambili za bluu.

"Niliibiwa!" Bwana Ugavi aliruka. "Mkurugenzi, huu ni wizi wa wazi! Mtu unavua viatu vyako kwa amani, unatoka havipo!"

"Ulivivua wapi?" akauliza Ndaki, polepole.

"Mlangoni."

"Mlango upi, Bwana Ugavi?"

Kicheko kilianzia kwa wazabuni nyuma, kikaja mbele mpaka kwa mweka hazina, aliyekumbuka chumvi yake akaacha kucheka. Bwana Ugavi alijikusanya, akasema kwamba huo ni uzushi wa wanawake wawili, na kwamba asubuhi ile ya mazishi hakuna aliyeigusa mashine.

"Basi tuiulize mashine," alisema Konsolata. "Mzee, soma chini kabisa, pale penye maandishi madogo."

Siku ya tatu ya mafunzo, mtaalamu wa Morogoro alifika kwenye sura ya maandishi madogo wakati wafanyakazi wameshakwenda chai. Ni Konsolata tu aliyekuwepo. Kumbe mashine ile kila ilipofunguliwa iliandika siku na saa, na siku ya orodha ikayatoa yote. Mkurugenzi alivaa miwani, akashuka na kidole hadi mstari mmoja, akausoma kwa sauti: Jumatano, saa tano na dakika tano asubuhi.

Alishusha karatasi. "Saa tano na dakika tano," alirudia, "Mama Angelina alikuwa chini ya mwavuli wangu."

Fulgensi hakungoja zaidi, alitoka kupitia mlango wa nyuma. Mwenyekiti wa kamati, mtu makini, akauliza jambo moja: neno la siri Bwana Ugavi alilipata kwa nani? Rosemery alimtazama Konsolata, akimwomba kwa macho anyamaze. Angeweza kunyamaza. Nani angejua?

"Kwangu," alisema Konsolata. "Nikichapa huwa nasema. Sikumwambia, lakini alisikia. Hilo kosa ni langu, na Bwana Ndaki alikuwa na haki ya kuuliza."

Zabuni ya Fulgensi ikafutwa, Ndaki akapewa kazi, na kabla ya mwezi kwisha mikokoteni yake ilikuwa ikisukasuka kwenda Idete na matofali ya kweli. Bwana Ugavi alihamishiwa stoo ya majembe kusubiri uchunguzi. Uchunguzi ulikwenda Morogoro na haujarudi. Wafadhili nao walifika na kamera, wakaipiga picha kompyuta peke yake, bila kitambaa, na taarifa yao ikasema kwamba mfumo umejidhihirisha. Sina ugomvi nao. Mashine ilisema kweli, ila ilihitaji mtu wa kubaki wenzake wakienda chai.

Konsolata bado hakuwa ameridhika. Ijumaa asubuhi, siku moja tu baada ya ufunguzi, Mkurugenzi alimwita ofisini, akafunga mlango, akamkaribisha kiti cha wageni.

"Mama Angelina, mimi nawe ni watu wazima. Yameisha, au siyo? Kazi yako iko palepale."

"Ahsante, mzee. Ila uliponisema, hukufunga mlango."

Mkurugenzi alikuna kidevu. Konsolata akaweka mezani karatasi aliyokuja nayo, imeshachapwa, nafasi ya sahihi imeachwa chini. Ilikuwa barua ya Mkurugenzi kwa wananchi wote. Ilisema kwamba yeye Theodori, Mkurugenzi, alimtuhumu Konsolata mbele ya watu kuuza bei za zabuni. Kwamba tuhuma hiyo ilikuwa ya uongo. Na kwamba anamwomba radhi mbele ya watu hao hao. Chini yake lilikuwepo jambo la pili, kwamba mpiga chapa huyo ameonywa vikali kuhusu tabia ya kusema anachochapa, kwani mikono yake ni safi lakini kinywa chake ni redio.

Mkurugenzi alisoma mara mbili. Alipofika kwenye redio mara ya pili, mabega yakaanza kumtingishika. "Hili la pili ni nani amekuambia uliandike?"

"Ni kweli, mzee. Nikiweka la kwako nikaacha la kwangu, watasema nimekuandikia mimi."

"Umeniandikia wewe!"

"Watu hawahitaji kujua kila kitu," alisema Konsolata, na Mkurugenzi akacheka mpaka akatafuta leso. Kisha akasaini, akagonga muhuri.

Saa nne barua ilikuwa kwenye ubao wa matangazo, imeshikwa na misumari minne. Watu wakasogea: wazabuni, akina mama wa kanisani, na muuza kambale aliyekuja kulipia kizimba chake. Ndaki naye alikuwepo, amekuja kusaini mkataba wake. Alisoma peke yake kwanza, kidole kikipita chini ya kila neno kama alivyofundishwa kwenye elimu ya watu wazima. Alipomaliza alivua kofia, akageukia umati, akaanza upya kwa sauti, polepole vilevile kama kawaida yake, na hakuna aliyepata pa kumkatizia. Alisoma namba ya kumbukumbu. Alisoma kwamba tuhuma ilikuwa ya uongo. Alisoma jambo la redio, watu wakacheka, akangoja wamalize, akaendelea hadi kwenye sahihi.

"Mayu," akamwambia Konsolata, kofia mkononi, "mimi ndiye niliyeanza kusema. Nisamehe."

Konsolata alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Alitazama akina mama wa kanisani, akamtazama muuza kambale, ambaye alikuwa amepata ghafla kitu cha kuchunguza kwenye kucha zake.

"Nimekusamehe, baba," alisema. "Lakini hawa wa nyuma nadhani hawakusikia vizuri."

Ndaki akavaa kofia, akasafisha koo, akaanza tena tangu kwenye tarehe.